Uhai Uliomo Ndani ya Jino

Watafiti Firoze Manji, Vibeke Baelum na Ole Fejerskov walichunguza vinywa vya watu 1,131 wilayani Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, na matokeo yakachapishwa mwaka 1988. Ukoga ulikuwa umetapakaa, fizi zinavuja damu, lakini wengi walikuwa bado na meno yao. Kwa waliopoteza meno, kisa kikubwa kilikuwa kuoza.

Kuoza huko ndiko kunakonifanya nizichukulie kwa uzito habari za seli shina za meno, yaani seli zinazoweza kugawanyika na kujenga tishu mpya. Jino si jiwe. Ndani lina chumba, na chumbani mna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mwaka 2000 Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao huko Marekani walipasua magego ya mwisho yaliyong'olewa, wakaichomoa nyama hiyo, wakaitenganisha kwa vimeng'enya na kuzitia seli zake katika sahani za maabara. Chache zilinata chini, zikagawanyika, zikafanya vishada. Zilipopandikizwa katika panya zikajenga dentini, ile sehemu ngumu iliyo chini ya enameli. Mwaka 2003 kundi la Shi likazikuta seli za jamii hiyo katika meno ya utoto, yale ambayo wengi wetu tuliyarusha paani, nazo zilizaana upesi kuliko za meno ya ukubwani.

Mwaka 2018 matabibu wa China wakaeleza jambo ambalo bado linanisisimua. Watoto walikuwa wameumia meno ya mbele hata nyama ya ndani ikafa. Kila mtoto alitolewa jino la utoto lililo zima, seli zake zikakuzwa, kisha zikarudishwa ndani ya jino lililokufa. Baada ya miezi 12, watoto 26 walilinganishwa na 10 waliotibiwa kwa njia ya kawaida: kwa wale 26 mizizi ilikuwa imerefuka, damu inapita na jino linahisi tena.

Tiba ya mishipa ya fahamu, moyo au kisukari kwa seli hizi bado ni kazi ya maabara na wanyama zaidi. Kwa hiyo simshauri mzazi alipe fedha nyingi kugandisha jino la mwanawe. Fedha hizo zizibe matundu kwanza, kwa sababu seli hizi tayari zinatibu: daktari akifunika nyama iliyo wazi kwa dawa ya kalsiamu, zenyewe husogea kwenye jeraha na kujenga ukuta mpya wa dentini.

Sharti nyama iwe hai. Jino linalouma ukinywa maji baridi, kisha likatulia mara moja, kwa kawaida bado linaokoleka. Likianza kukuamsha usiku bila kuguswa, mara nyingi nyama hiyo imeshaharibika, na seli zake pamoja nayo.