Makato ya Julai Hadi Oktoba: Fedha Yetu Gombololani Inafanya Kazi Gani?

Ndugu wafanyakazi wa mashambani na viwandani, kila mwaka ukifika mwezi wa Julai mshahara hupungua kidogo, na maneno huanza kwenye mstari wa malipo. "Wamekata tena." Agosti hivyo hivyo, Septemba na Oktoba hivyo hivyo, kisha kimya mpaka mwaka mwingine. Wengi wetu hudhani ni sehemu ya ile kodi kubwa ya serikali kuu inayokatwa kila mwezi. Sivyo. Hii ni kodi ya huduma ya serikali za mitaa. Ni fedha ya wilaya, ya gombolola, na sehemu yake ni ya kijiji unacholala. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua imefanya kazi gani hana haja ya kupanda basi. Wenye kujibu wako karibu.

Wazee mnaikumbuka kodi ya kichwa. Watu walikuwa wakikimbilia migombani alfajiri waliposikia askari wa gombolola wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza tiketi. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005, na hakuna aliyeililia isipokuwa wahasibu wa wilaya, maana ndiyo iliyokuwa ikiwaendesha. Mwaka 2008 Bunge likapitisha kodi hii mpya ya huduma. Mwenye mshahara usiofika shilingi 100,000 kwa mwezi halipi. Anayepata zaidi ya 100,000 mpaka 200,000 hulipa 5,000 kwa mwaka. Mpaka 300,000 hulipa 10,000. Mpaka 400,000 hulipa 20,000. Na hivyo inapanda mpaka mwenye zaidi ya milioni moja, ambaye hulipa 100,000 na hapo basi, hata kama mshahara wake ni milioni ishirini. Meneja mkuu na fundi mwenye milioni moja na ushee wanalipa sawa. Mimi naona hilo si haki, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Askari wa jeshi, polisi na magereza wamesamehewa. Mkulima mdogo asiye na mshahara naye hadaiwi. Anayebaki ni nani? Ni sisi wa mshahara, ambao mwajiri hutukata hata kabla hatujaishika pesa. Mwenye duka anaweza kujificha mtoza ushuru akija. Mkata miwa jina lake liko kwenye daftari, hana pa kujificha. Kwa hiyo katika gombolola yenye shamba kubwa au kiwanda, wafanyakazi ndio nguzo ya kodi hii. Neno hilo tuliseme kwa sauti tukiingia kwenye mikutano yao.

Sasa tuangalie inavyogawanywa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inasema kwamba katika sehemu za vijijini gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato ya hapo, na asilimia 35 huenda wilayani. Katika ile fedha iliyobaki gombololani, asilimia 25 ni ya vijiji, asilimia 5 ya muluka na asilimia 5 ya saza. Mijini mgawanyo ni mwingine, nami hapa nasema juu ya mashambani, ambako wengi wetu tuko.

Tupige hesabu. Chukua shamba lenye wafanyakazi 400 wenye mshahara kati ya 200,000 na 300,000. Kila mmoja hukatwa 10,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 4,000,000. Wilaya inachukua 1,400,000. Gombolola inabaki na 2,600,000. Katika hizo, vijiji vipate 650,000, muluka 130,000, saza 130,000, na gombolola yenyewe itumie 1,690,000. Atatokea mtu aseme, "Hizo ni pesa za soda." Ni kweli hazijengi hospitali. Lakini 650,000 kila mwaka, ikikusanywa miaka mitatu bila kuliwa, inaweza kukinga chemchemi, kutengeneza bomba la maji lililokufa, au kuweka kalavati mahali ambapo watoto huvuka maji kwenda shule. Tena mashamba mengine hayana watu 400, yana maelfu.

Katika kambi moja ya chai upande wa magharibi, wanachama walimuuliza mwenyekiti wao wa LC I: fedha yetu ya kijiji iko wapi? Yule mzee akaapa hajaona hata shilingi. Watu wakamshuku, wengine wakamtukana. Tukaenda naye gombololani, wajumbe watatu wa tawi na mimi. Mhasibu akafungua daftari, akatuonyesha: kutoka shamba lile hakuna kilichoingia. Mwenyekiti alikuwa mkweli. Kufuata zaidi tukakuta makato yote yalikuwa yakipelekwa kwenye mji ilipo ofisi kuu ya kampuni, mbali sana na mahali wafanyakazi wanapolala na kuamka. Mji ule ulikuwa unazoa taka zake kwa jasho la wachuma chai ambao hawajapata kuuona. Chama kikaandika barua, wilaya nayo ikaandika, na baada ya mabishano marefu makato ya mwaka uliofuata yakaelekezwa kwenye wilaya ya shamba. Ya miaka iliyopita hayakurudi. Nalieleza jambo hili kwa sababu nina hakika kambi ile haiko peke yake. Karani wa mishahara anajua pesa inapelekwa wapi. Mwulizeni, na awaonyeshe hati ya malipo.

Lakini kuna udhaifu wetu sisi wenyewe, nao ni mzito kuliko wa karani. Mtu anaishi kambini miaka kumi na mitano na bado hujiita mgeni. Kijiji chake anachokitambua ni kule alikozaliwa, Arua au Kisoro au Kabale, anakotuma pesa za mabati na anakotaka kuzikwa. Hapa anasema, "Mimi nimekuja kutafuta tu." Kampuni imempa chumba, kampuni ina zahanati, kampuni ina shule, mambo ya LC anayaacha kwa wenyeji. Siku ya mkutano wa kijiji yuko kwenye gemu ya kadi. Na sheria haikumwita mgeni: kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la kijiji hicho. Mwaka 2018, tarehe 10 Julai, tulipopanga mistari nyuma ya wagombea wa LC I kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kuna kambi ambako walioshiriki walikuwa wachache kuliko timu mbili za mpira.

Nyumba ya kampuni ni nzuri wakati kampuni iko. Waulizeni waliokuwako mwaka 1972. Wenye mashamba walipofukuzwa, na mashamba yakaangukia mikono isiyojua kazi, majani ya chai yalimea mpaka yakawa msitu. Nchi iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 20,000 za chai mwaka 1972 ilitoa chini ya tani 2,000 mwaka 1980. Viwanda vya sukari navyo vilikaribia kuzimika kabisa. Mishahara ilipokufa, zahanati za kambi zilikufa nazo. Dawa zikaisha, mabati yakang'olewa. Aliyekuwa na zahanati ya serikali karibu alipata pa kukimbilia, hata kama ilikuwa duni. Asiyekuwa nayo alimzika mtoto. Leo hatufukuzani, lakini mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani, na mashine haihitaji chumba kambini. Anayepunguzwa kazini hupewa siku chache ahame, na siku hiyo ndipo anapotambua kwamba kituo cha afya cha gombolola, ambacho hakuwahi kukisemea neno, ndicho pekee alichobakiwa nacho.

Mpango wa serikali ni kila gombolola iwe na kituo cha afya cha daraja la tatu, chenye wodi ya uzazi na maabara. Vituo vingi vya daraja la pili vimepandishwa katika miaka ya karibuni, na fedha kubwa ya kujenga imetoka serikali kuu, siyo kwenye makato yetu. Lakini wapi kijengwe, upande wa shamba au upande wa nyumbani kwa diwani, hilo hupangwa chini. Kadhalika nani akae kwenye kamati ya kusimamia kituo. Nimeona kamati ambazo nusu ya wagonjwa wanaotibiwa ni watu wa kambi, na katika kamati hakuna hata mmoja wao. Nani basi ataeleza kwamba mama wa zamu ya alfajiri akifika saa kumi alasiri anakuta mlango umefungwa?

Na uwanja wa kupanga una majira yake kama shamba. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Lakini anayengoja Juni amechelewa, maana mikutano ya bajeti ya wilaya na magombolola hufanywa mapema, kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba. Hapo ndipo vijiji na miluka hupeleka maombi yao: kisima, darasa, barabara. Yanayoingia kwenye mpango wakati huo ndiyo hupitishwa mbele kwenye baraza. Yasiyoingia huambiwa, "Mwakani." Na mikutano hii huitwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati sisi tuko katikati ya mistari ya miwa au mbele ya mashine. Mwenye duka anafika, mwalimu anafika, mchungaji anafika. Mfanyakazi haonekani, halafu watu husema hana haja na maendeleo.

Matawi yawaombe waajiri ruhusa ya siku moja yenye malipo kwa wajumbe wawili au watatu wahudhurie mkutano wa bajeti. Mwajiri mwenye akili hatakataa, kwa sababu barabara mbovu ya gombolola huharibu malori yake pia. Akikataa, tuiweke kwenye meza ya majadiliano pamoja na madai mengine. Wajumbe wasiende na manung'uniko ya jumla. Waende na jambo moja au mawili yaliyokubaliwa kambini, na idadi ya walipa kodi wa shamba lile imeandikwa juu ya karatasi. Diwani husikiliza sana hesabu ya kura.

Nitasema kidogo juu ya ardhi. Viwanja vya soko, vya shule, na njia za kwenda mtoni huwa vinapotea polepole, na wafanyakazi ndio wa mwisho kujua, kwa kuwa hatusomi kuta. Mtu anapoomba hati ya ardhi, kamati ya ardhi hutakiwa kubandika tangazo hadharani, wiki mbili au zaidi kabla ya kusikiliza maombi, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Karatasi hiyo hukaa pale, inalowa mvua, na siku zinakwisha. Kila tawi limchague mtu mmoja anayejua kusoma vizuri, awe anapita ofisi ya gombolola na ya muluka kila Jumamosi anapokwenda sokoni.

Na mkiuliza hesabu za makato mkapigwa danadana, andikeni. Sheria ya mwaka 2005 ya haki ya kupata habari inampa kila raia haki ya kuomba kumbukumbu zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Barua iwe fupi: tunaomba kujua kiasi cha kodi ya huduma kilichopokelewa kutoka shamba fulani kwa mwaka fulani wa fedha, na kiasi kilichopelekwa kwa kijiji fulani. Iwekwe sahihi na mwenyekiti wa tawi pamoja na mwenyekiti wa LC I, maana kesi yenu ni moja. Nakala igongwe mhuri wa kupokelewa pale pale mbele yenu, na mhuri uwe na tarehe. Mkiipeleka mwezi wa Agosti mwishoni, jibu litakuwa mikononi mwenu kabla ya mkutano wa Oktoba.