Je, Sukari ya Ukoo ni Hukumu?

Katika nyumba zetu nyingi husikika kauli hii: "Sisi kwetu sukari ni ya ukoo." Bibi alikuwa nayo, mama anayo, na binti anaingojea kana kwamba ni mirathi iliyokwisha kugawanywa. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ili tupate kuupambanua, na tutazame habari ya Wapima wa Marekani, ambao wataalamu wamewachunguza tangu mwaka 1965.

Wapima, ambao kwa lugha yao hujiita watu wa mto, walilima mahindi na maharagwe kwa maji ya mto Gila, katika jimbo la Arizona. Mwishoni mwa karne ya 19 walowezi waliyageuza maji hayo kwenda kwenye mashamba yao. Makonde ya Wapima yakakauka, njaa ikaingia, na chakula chao kikawa unga mweupe, sukari na mafuta ya mgao wa serikali. Jembe likawekwa chini, na unene na kisukari vikaenea.

Ndugu zao wa asili moja wako Maycoba, katika milima ya Sonora nchini Meksiko. Hao waliendelea kulima kwa mikono na kutembea kwa miguu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha. Kati ya watu wazima 100 wa Arizona, 38 walikuwa na kisukari. Wa Maycoba hawakutimia hata 7. Unene wa kupindukia uliwapata wanawake 75 katika kila 100 kule Arizona, na 20 tu kule Maycoba. Asili ni moja. Kilichotofautiana ni sahani na kazi ya mwili.

Si kwamba urithi hauna nguvu. Insulini ni mfano wa ufunguo unaoufungulia mlango sukari iliyomo damuni ili iingie katika misuli. Wako wanaozaliwa na jeni zinazoufanya mlango huo uwe mzito. Mafuta yanapozidi, hasa ya tumboni, mlango huzidi kukaza. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi, hata siku moja likashindwa. Kwa hiyo watu wawili hula chakula kimoja, mmoja akanenepa na mwingine asibadilike. Basi tusimcheke dada yetu mnene wala kumwita mlafi; huenda mzigo aliozaliwa nao ni mzito kuliko wetu.

Liko jambo jingine linalowahusu akina mama zaidi. Miongoni mwa Wapima hao, watoto waliochukuliwa mimba mama akiwa tayari ana kisukari walipatwa na unene na kisukari zaidi kuliko ndugu zao wa tumbo moja waliozaliwa kabla mama hajaugua. Kumbe si jeni peke yake. Hata sukari ya mama mjamzito huacha athari kwa mtoto. Kwa hiyo, mwenye sukari katika ukoo wao asingoje dalili. Apimwe mapema, na akishika mimba amweleze mkunga.

Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002, uliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, yaani kilo tano na nusu hivi kwa mwenye kilo 80, na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilipungua kwa asilimia 58.

Hayo yamo ndani ya uwezo wetu: kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu katika chai, mahamri yawe ya siku moja moja, na kwenda sokoni kwa miguu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuliachia tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Anayetumia dawa naye asiiache bila ya shauri la daktari.

Nasaba hatuichagui, ni majaaliwa ya Mola. Lakini mwili ni amana, na chungu cha nyumbani kimo mikononi mwetu.