Thomas Dorsey na Imani Iliyomlalamikia Mungu

Agosti 1932, Thomas Andrew Dorsey, mpiga piano na mwalimu wa kwaya wa Chicago, alikuwa na umri wa miaka 33. Jina la Georgia Tom, alilotumia katika muziki wa bluzi, alikuwa akiliacha pamoja na bluzi yenyewe. Kwaya ya kanisa la Pilgrim Baptist ilikuwa mikononi mwake, na mkewe, Nettie Harper, alikuwa mjamzito aliyekaribia kujifungua. Walioana mwaka 1925, wakati Dorsey akiongoza bendi ya Ma Rainey na Nettie akitunza mavazi ya jukwaani ya mwimbaji huyo. Nyumba hiyo ya Kikristo, kwa hiyo, ilianzia kwenye kumbi za bluzi, jambo ambalo wasimulizi wa kanisani hupenda kuliruka.

Kisa chake kinastahili kurejewa kila unapozuka mjadala wa waimbaji wa injili waliofiwa au ambao ndoa zao zimevunjika, na swali linaloulizwa ni kama bado wameokoka kweli.

Wokovu wa Dorsey haukuja kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1921 aliguswa na mwimbaji W. M. Nix kwenye mkutano mkuu wa Wabaptisti weusi, akaahidi kumtumikia Mungu; muda si mrefu akarudi kwenye bluzi. Mwaka 1926 alipatwa na huzuni nzito iliyomzuia kupiga piano kwa karibu miaka miwili, hata akafikiria kujiua. Mwaka 1928 alipelekwa kwa mhubiri mwombezi aliyeitwa Haley, ambaye, kwa masimulizi ya Dorsey mwenyewe, alimtoa nyoka hai kooni. Msomaji aamini atakavyo. Lisilo na shaka ni kwamba alipona, na kwamba mwaka huohuo alirekodi pamoja na Tampa Red wimbo wa “It's Tight Like That”, uliojaa mafumbo ya chumbani na ulioleta fedha nyingi kuliko nyimbo zake zote za kanisa za wakati huo. Hakuna haja ya kumtetea. Kodi ya nyumba ilipaswa kulipwa, na makanisa hayakuwa yakimlipa.

Biashara ya nyimbo za kanisa inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo sehemu ya maisha yake inayosahaulika na yenye funzo kubwa kwa kwaya zetu. Dorsey aliandika nota, akazipiga chapa kwenye karatasi, akakopa dola 5 za stempu na kutuma nakala 500 kwa makanisa. Maagizo hayakuja. Wachungaji wengi walisikia mapigo ya bluzi ndani ya nyimbo zake, wakamfungia mlango. Mambo yalibadilika mwaka 1930, Wabaptisti walipokutana Chicago: Willie Mae Ford Smith aliimba “If You See My Savior”, watu wakapagawa, na maelfu ya nakala zikanunuliwa. Mwaka 1932 Dorsey akaanzisha kampuni yake ya kuchapisha nyimbo. Kila karatasi iliuzwa kwa senti chache, ikiwa na jina la mtunzi juu yake. Kwaya ngapi leo huimba wimbo wa mwalimu aliyekwisha kufa, ambaye wajane na yatima wake hawajui hata kuwa wimbo umerekodiwa? Kutomtaja mtunzi ni wizi, hata ukifanyika madhabahuni.

Turudi Agosti ile. Dorsey aliitwa St. Louis kwenye mkutano wa injili. Alikwisha kuondoka kwa gari alipokumbuka kwamba ameacha mkoba wa nyimbo. Akarudi, akamkuta Nettie amelala, akauchukua bila kumwamsha. Usiku wa pili, akiwa jukwaani, kijana alimletea telegramu: mkewe amefariki katika uzazi. Ukumbini watu waliendelea kuimba na kupiga makofi. Alipofika Chicago alimkuta mtoto wa kiume, mzima. Naye akafa usiku uleule. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja.

Kwa siku kadhaa Dorsey alimlaumu Mungu waziwazi, akasema ametendewa isivyo haki, akataka kurudi kwenye bluzi moja kwa moja. Hapo ndipo desturi ya misibani inapokosea. Wafariji wengi hukimbilia kusema kazi ya Mungu haina makosa hata kabla kaburi halijafunikwa, na mfiwa anayeuliza kwa nini huhesabiwa kuwa imani yake imepungua. Ayubu aliuliza sura nyingi. Rafiki wa Dorsey, Theodore Frye, hakumhubiria; alimpeleka kwenye chuo cha Poro, cha mfanyabiashara Annie Malone, ndani ya chumba chenye piano. Hapo Dorsey alianza kupapasa tuni ya zamani ya “Maitland”, iliyochapishwa mwaka 1844 katika kitabu cha nyimbo cha shule ya Jumapili huko Oberlin, Ohio, na maneno ya “Take My Hand, Precious Lord” yakaja juu yake. Wimbo ni ombi la mtu aliyechoka. Haudai kwamba yaliyotokea yalikuwa mema. Frye aliuimba katika kanisa la Ebenezer, Dorsey akiwa kwenye piano.

Kuhusu waimbaji wanaosutwa leo, kisa hiki kinatosha kuonyesha kwamba kuyumba kwa mwaka mmoja si kipimo cha imani ya mtu.

Mwaka 1933, pamoja na Sallie Martin na wenzake, Dorsey alianzisha mkutano wa kitaifa wa kwaya za injili, akauongoza kwa miongo kadhaa. Wimbo wake wa “Precious Lord” ulipendwa sana na Martin Luther King. Aprili 4, 1968, muda mfupi kabla ya kupigwa risasi, alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige jioni hiyo, na Mahalia Jackson akauimba katika mazishi ya King. Dorsey alioa tena mwaka 1941, akamwoa Kathryn Mosley, wakapata mtoto wa kike na wa kiume. Alifariki Chicago Januari 23, 1993. Kanisa la Pilgrim Baptist liliteketea kwa moto Januari 2006. Kuta za mawe zilibaki.