Nyasi za Boma Bila Sumu: Anza na Udongo

Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo hapa Embu, nyasi za boma hukua hadi mwenye nyumba akakosa pa kupita. Jumamosi inapofika, wengi humwita kijana mwenye fyekeo. Lakini katika mitaa mingi imeanza kuzoeleka njia nyingine: anaitwa kijana mwenye pampu ya mgongoni, anapuliza dawa ya magugu kando ya ua, njiani na kwenye mtaro. Kisha zile nyasi zilizobaki zinamwagiwa mbolea ya dukani ili zirudi kuwa kijani.

Kazi hiyo huisha kwa saa moja, na ndiyo maana inapendwa. Hata hivyo, boma si uwanja wa gofu. Hapo ndipo mtoto anapotambaa, kuku wanapochakura, na hema linaposimamishwa siku ya harusi au ya matanga. Tena nyasi zikifyekwa hazitupwi. Hupelekewa ng'ombe, mbuzi au sungura, wako au wa jirani. Ukipuliza sumu juu ya nyasi leo, unaipuliza juu ya chakula cha mifugo cha kesho.

Habari njema ni kwamba nyasi za boma hazihitaji kemikali ili zipendeze. Zinahitaji udongo wenye rutuba, kukatwa ipasavyo na subira kidogo. Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa vitu tunavyovipata hapa hapa kwetu.

Maji yetu yanateremka

Kaunti yetu inaanzia miteremko ya Mlima Kenya na kushuka hadi tambarare za Mbeere. Maji ya mvua hufuata njia hiyo hiyo. Yakitoka kwenye boma huingia mtaroni, kutoka mtaroni huingia Kapingazi, Rupingazi au kijito kilicho karibu, na hatimaye hufika Mto Tana na mabwawa yake. Njiani kuna watu wanaoteka maji hayo kwa ndoo na wengine wanaonywesha mifugo.

Mfuko wa kilo 50 wa yuria una takriban kilo 23 za naitrojeni. Nyasi huchukua kiasi zinachoweza kutumia kwa wakati huo. Mvua kubwa ikinyesha baadaye, sehemu ya kilichobaki husombwa hadi mtoni au kuzama ardhini kuelekea visimani, ikiwa katika hali ya naitreti. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa sababu ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha.

Kuhusu dawa za magugu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka glaifoseti, mwaka 2015, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Zipo taasisi za serikali katika nchi nyingine zinazosema haina hatari hiyo ikitumiwa kama lebo inavyoagiza, na mjadala haujaisha. Lakini mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 hana haja ya kungoja mjadala uishe. Magugu ya eneo hilo yanang'olewa kwa mkono na jembe.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki hiyo ni yako, na ni ya jirani aliye chini ya mteremko pia.

Ijue nyasi uliyo nayo

Sehemu za juu, kama Manyatta na Runyenjes, nyasi inayotawala ni ile iitwayo nyasi ya kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na imepelekwa hadi Australia, Afrika Kusini na hata Marekani. Hutambaa kwa nguvu, huvumilia kukanyagwa na hupona haraka. Kwa kuwa iko kwao, haihitaji kubembelezwa.

Ukishuka Mbeere, joto na ukame huishinda isipomwagiliwa. Huko ni afadhali kutumia nyasi zinazostahimili joto, kama nyasi ya Pemba yenye majani mapana, au ukoka unaojiotea wenyewe. Na si lazima boma lote liwe na nyasi. Uwanja wa kufagia, kama walivyokuwa nao wazee wetu, bado unafaa. Panda nyasi ukingoni tu, mahali maji yanapotokea, ili zishike udongo usichukuliwe na mvua.

Lisha udongo kwanza

Nyasi zikigeuka manjano, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Kabla ya hapo, chukua jembe uchimbe kipande kidogo. Ikiwa udongo ni mgumu kama tofali, tatizo ni kukanyagwa. Toboa mashimo ya kina cha sentimita 10 kwa uma wa shambani, umbali wa hatua ndogo kati ya shimo na shimo, wakati udongo una unyevu. Hewa na maji vitapata pa kuingilia.

Kisha tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri. Kwa eneo la mita 10 kwa 10, tabaka la nusu sentimita linahitaji takriban wilbaro nane. Isambaze kwa reki hadi ncha za nyasi zionekane. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa mwaka, mvua zinapoanza.

Samadi mbichi isitumike. Huunguza nyasi, huvutia nzi na huleta mbegu za magugu ambazo ng'ombe alizila. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike kwa majani ya ndizi na kuigeuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, haina harufu na inavunjika mkononi kama udongo wa msituni. Hapo iko tayari.

Malighafi hatukosi. Upande wa juu kuna samadi ya ng'ombe na maganda ya kahawa. Mbeere kuna samadi ya mbuzi. Maganda ya mboga na matunda ya jikoni nayo yaingie kwenye rundo, lakini si nyama wala mafuta, kwani huvutia panya. Jivu la kuni linafaa pia kwa udongo wenye asidi, mradi lisizidi. Linyunyizwe kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Usinyoe nyasi kipara

Kosa linaloharibu nyasi nyingi kuliko mdudu yeyote ni kuzikata hadi udongo uonekane. Jani ndilo jiko la nyasi. Ukiliondoa lote, mizizi hukosa chakula, jua hukausha udongo, na magugu hupata nafasi ya kuota.

Kata nyasi zibaki na urefu wa sentimita nne hadi tano, na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Msimu wa mvua hiyo ni karibu kila wiki, na kiangazi ni mara chache sana. Noa fyekeo au kisu cha mashine, maana makali butu huchana jani badala ya kulikata na ncha hukauka.

Wapo watakaouliza: je, nyasi zikiachwa ndefu hazitaleta nyoka? Urefu wa sentimita tano hautoshi kuficha nyoka. Nyoka hujificha kwenye nyasi zinazofika magotini, marundo ya mawe na mbao zilizolazwa kando ya ukuta. Hayo ndiyo ya kuondoa.

Kama huna mifugo, vipande vifupi vilivyokatwa viache hapo hapo. Huoza haraka na vinaweza kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo nyasi zinahitaji kwa mwaka. Hiyo ni mbolea ambayo hukulipia.

Magugu na wadudu

Magugu ni dalili. Ndago ikizidi, mara nyingi maji yanatuama. Fungua njia ya maji, kisha chimba hadi utoe na vile vinundu vya chini, kwa sababu ukivuta majani tu vitachipua tena. Sangari ifuatwe na mizizi yake yote. Kishona nguo na mbigiri ving'olewe kabla havijatoa mbegu. Siku inayofuata mvua ndiyo siku ya kung'oa, kwani udongo umelainika. Penye upara baada ya kung'oa, panda vipande vya nyasi siku hiyo hiyo.

Magugu ya kwenye nyufa za saruji yamwagie maji yanayochemka. Usimwage chumvi, kwa sababu itaua udongo. Na usimwage oili chafu ya gari kando ya ua, hata kama jirani anafanya hivyo. Oili hiyo haiozi upesi, na mvua ikinyesha inaenda mtoni.

Nyasi zikikauka kwa mabaka na kuinuka kama zulia unapozivuta, angalia chini yake. Ukikuta mabuu meupe yaliyojikunja, wanakula mizizi. Fungulia kuku asubuhi chache wachakure, kisha tandaza mboji na upande upya. Fuko naye anaswe kwa mtego. Kutia sumu kwenye shimo lake ni hatari kwa mbwa, paka na bundi.

Viwavijeshi ni suala tofauti. Ukiona viwavi wengi wakila nyasi mvua zinapoanza, mwarifu afisa wa kilimo wa wadi yako mara moja. Wakimaliza nyasi zako watahamia mahindi ya kijiji kizima.

Kiangazi nyasi hupumzika

Mwezi Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, nyasi ya kikuyu hugeuka kahawia. Haijafa. Imelala, na itaamka mvua za Machi au za Oktoba zikija. Katika miezi ambayo baadhi ya wakazi wanapata maji kwa zamu, si busara kumwagilia nyasi maji ya mfereji. Ukitaka zibaki na uhai kidogo, tumia maji yaliyosuuza mboga au maji ya mvua yaliyovunwa kutoka paani, alfajiri, mara moja kwa wiki. Loweka vizuri ili mizizi ishuke chini. Kunyunyiza kidogo kila siku hufanya mizizi ibaki juu juu, na ukame ukija ndiyo ya kwanza kufa.

Kama tayari una dawa nyumbani

Soma lebo. Bidhaa halali huwa imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB), na lebo hueleza mavazi ya kujikinga pamoja na siku za kungoja kabla ya mifugo kula nyasi hizo. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, anaona soda. Usisafishe pampu mtoni wala karibu na kisima. Mtu akimeza au akimwagikiwa na dawa, mkimbize hospitali iliyo karibu na ubebe chombo chenye lebo, ili daktari ajue anachotibu.

Pa kuanzia

Huhitaji kubadilisha yote kwa siku moja. Msimu huu, anzisha rundo la mboji na mwambie anayekufyekea aache sentimita tano. Msimu ujao, toboa udongo na utandaze mboji hiyo. Mwaka wa kwanza kutakuwa na magugu ya kung'oa kwa mkono, na migongo itauma. Kadiri nyasi zinavyosongamana, magugu yatakosa pa kuota na kazi itapungua.

Kwa ushauri kuhusu udongo wa eneo lako, mboji au wadudu, fika katika ofisi ya kilimo ya wadi yako na umwone afisa wa ugani. Ukienda, beba kipande cha nyasi kilicho na tatizo pamoja na mizizi yake na udongo kidogo. Hivyo afisa ataona tatizo lenyewe badala ya kulisimuliwa.