Gari kuukuu ni mali, lakini si kwa mwenye pupa

JE, msomaji, katika mtaa unakoishi hakuna gari la zamani lililoachwa nyuma ya nyumba, magurudumu yameisha upepo na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma? Huenda ni Peugeot 504 iliyokuwa ikimpeleka babu kazini, au Volkswagen Beetle ya mwalimu mkuu aliyestaafu. Mwenyewe husema atalitengeneza mwaka ujao, na mwaka ujao haufiki. Kisha siku moja anakutajia bei, nawe unaiona kama ya bure.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, soma makala haya. Ikiwezekana, yasome pamoja na mama watoto au baba watoto, kwa maana pesa zitakazoingia katika gari hilo ni zile zile zinazolipa kodi ya nyumba na karo. Gari kuukuu likinunuliwa kwa akili huwa mali na shule ya ufundi kwa watoto. Likinunuliwa kwa pupa huwa kidonda kisichopona, na wengi wamelazimika kuliuza kwa wauzaji wa vyuma chakavu, kilo kwa kilo.

Historia iliyo barabarani

Magari haya hayapendwi bure. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, Volkswagen Beetle lilikuwa miongoni mwa magari yaliyotamba, na likashinda tena mwaka 1962. Peugeot 404 ilinyakua ushindi miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake, 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ilishinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Sweden, na tena mwaka 1978 ikiwa mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Hata leo, mbio za magari ya kale za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, huwaleta nchini madereva kutoka ng'ambo.

Lakini sifa kubwa ya 504 haikutoka kwa mashindano. Ilitokana na kazi. Magari hayo yaliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na yale marefu ya kubeba abiria yakawa matatu za safari za mbali. Wazee wengi wanakumbuka wakibanwa ndani yake kutoka Nairobi hadi mashambani Krismasi ikikaribia.

Usidhani utaagiza lako kutoka ng'ambo. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo mwenye mfuko mdogo hana budi kutafuta miongoni mwa magari yaliyomo humu nchini. Hilo si baya, kwa kuwa gari lililokaa hapa miaka 40 limeshazoea barabara zetu, na mafundi wetu wanalijua.

Chagua gari lenye vipuri

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuchagua kwa macho. Wanaona gari lenye umbo la kupendeza na kusahau kuuliza kipuri chake kitatoka wapi. Kioo cha mbele cha gari lisilojulikana kinaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe. Anayeanza kwa pesa kidogo ni heri achague gari lililouzwa kwa wingi hapa, kama vile Peugeot 504, Beetle, Datsun 1200 ya pikapu au Land Rover ya zamani.

Beetle ni rahisi kwa mwanafunzi wa ufundi. Injini yake iko nyuma, hupozwa kwa upepo na haina radieta wala maji, na hushikiliwa na boliti nne kuu tu. Magari zaidi ya milioni 21 ya aina hiyo yalitengenezwa duniani hadi ya mwisho ilipotoka Mexico mwaka 2003, na kwa hivyo vipuri havijakauka.

504 nayo ina siri yake ndani ya injini. Mabomba ya silinda zake huingizwa kama mikebe ndani ya kasha. Yakilika, fundi huyatoa na kuweka mapya pamoja na pistoni zake, bila kupeleka kasha zima kuchongwa. Udhaifu wake ni kichwa cha injini, ambacho ni cha aluminiamu. Gari likikosa maji na kuchemka, kichwa hupinda na gasketi huungua.

Anza na hati, si injini

Injini mbovu hutengenezwa. Gari lisilo na hati halitengenezeki. Kabla ya kufungua boneti, omba kuona logbuku, kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa humo. Tafuta pia rekodi za gari hilo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, kupitia mtandao wa eCitizen. Humo utaona mwenye gari ni nani na kama kuna benki inayolidai.

Mtego mkubwa wa magari ya kale ni kwamba mara nyingi jina lililo kwenye logbuku ni la mtu aliyekwisha kufariki. Kijana anayekuuzia huenda ni mwanawe kweli, lakini hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu hadi mahakama iwateue wasimamizi wa urithi. Ukimlipa leo, kesho dada zake watakuja kudai gari lao, nawe utakuwa umeshalipaka rangi. Mwambie amalize mambo ya mahakama kwanza, hata kama ni jirani mnayesali naye kanisa moja. Na kama injini ilibadilishwa, hakikisha mabadiliko hayo yaliandikishwa.

Kutu ndiyo adui

Sasa ingia chini ya gari. Nenda mchana, jua likiwa kali, wala usikubali kuonyeshwa gari lililotoka kuoshwa, kwa sababu maji huficha mikwaruzo na rangi iliyobabuka. Beba sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa. Ipitishe mlangoni, juu ya magurudumu na kwenye vizingiti vya chini ya milango. Pale inapokataa kushika, ujue chuma kimekwisha na kilichopo ni pati na rangi.

Inua mazulia utazame sakafu. Kwenye Beetle, inua kiti cha nyuma, kwani betri hukaa hapo na asidi yake hula sakafu. Kwenye 504, fungua boneti ukague mahali shokabsoba za mbele zinaposhikiliwa juu. Gari lililoishi Pwani likaguliwe mara mbili, maana upepo wa chumvi hauna huruma. Injini ikifa utapata nyingine, lakini chesisi iliyooza inaweza kuwaua watoto wako.

Ukimaliza na kutu, ndipo uulize habari za injini. Usikubali muuzaji aunganishe betri na kulipiga stata gari lililolala miaka mitano. Toa plagi, mimina oili kidogo ndani ya kila silinda, iache ilale usiku mmoja, kisha uizungushe injini kwa spana. Ikizunguka, kuna matumaini. Tazama pia oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na bei lazima ishuke.

Jambo jingine la kuuliza ni petroli. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka 2006. Baadhi ya injini za kale za Uingereza zenye vichwa vya chuma zilitegemea risasi hiyo kulinda viti vya valvu. Muulize fundi kama viti vigumu vimewekwa. Kama havijawekwa, tia gharama hiyo katika hesabu yako.

Hesabu ya mfukoni

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Bei ya kununua ni mlango tu. Kanuni ya busara ni kuwa usitumie zaidi ya thuluthi moja ya pesa zako zote kununua gari.

Tuchukue mfano. Familia ina akiba ya Sh150,000, na kila mwezi inaweza kutenga Sh8,000 bila kugusa karo wala chakula. Kwa miaka miwili, Sh8,000 za kila mwezi zitakuwa Sh192,000. Jumla ni Sh342,000. Basi gari lisizidi Sh110,000 hivi. Sh40,000 zinazobaki katika akiba zitumike kulivuta hadi nyumbani, kubadilisha umiliki na kuanza kazi ya breki. Mengine yasubiri Sh8,000 za kila mwezi. Mwezi usio na pesa, gari lilale. Asiyeweza kuvumilia gari lilale asilinunue, kwa sababu atakopa, na mkopo wa kutengeneza gari lisilotembea ni kulipia maji yaliyomwagika.

Fuata mpango. Kwanza breki, usukani na magurudumu. Pili injini na nyaya za umeme. Tatu bodi na kuchomelea. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi ili majirani waone, kisha fundi wa kuchomelea anaiunguza yote.

Usisahau bima. Ile ya kulinda watu wengine barabarani ni ya lazima kisheria. Bima kamili kwa gari lililozeeka si rahisi kupata, kwa hivyo zungumza na wakala kabla ya kununua.

Mafundi na watoto

Jijini Nairobi, wanaotafuta vipuri huanzia Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanaiita Grogan. Kazi za kukunja bati na kuchomelea zinapatikana kwa mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries na kwingineko. Nenda na kipuri cha zamani mkononi ili ulinganishe, na udai risiti, usije ukauziwa mali ya wizi. Mlipe fundi kwa kazi iliyokwisha, si kwa ahadi, na umnunulie vipuri wewe mwenyewe.

Kazi nyingine haihitaji fundi. Kufungua viti, kusugua kutu na kusafisha kabureta ni kazi za Jumamosi kwa kijana wa sekondari. Mwambie apige picha kwa simu kabla ya kufungua chochote, na kila kundi la nati alitie katika mkebe wake wa Kimbo au Kasuku, wenye jina juu. Lakini asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka vigingi imara vya chuma, wala si mawe. Na vumbi la breki za kale lisipulizwe kwa mdomo, kwani huenda lina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya kulipa, wewe na mwenzio jibuni maswali manne. Je, hati ni safi? Je, chesisi ni nzima? Je, tuna mahali pakavu pa kuliweka ambapo mwenye nyumba hatatufukuza? Na je, likichukua miaka mitatu badala ya miwili, kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa karo? Ikiwa majibu matatu ya kwanza ni ndiyo na la mwisho ni la, nenda ukavute gari lako. Likikosekana hata jibu moja, mwachie jirani gari na kuku wake. Kuna mengine.