Bunia: Kabla ya kumnunulia mtoto treni ya kuchezea, angalia haya

Noeli na Bonane zikikaribia, wazazi wengi mjini Bunia, jimbo la Ituri, huweka kando franka chache kwa ajili ya zawadi ya mtoto. Kati ya magari, midoli na mipira, kuna pia treni: ya plastiki inayowaka taa na kupiga honi, ya mbao yenye mabehewa ya kuunganisha, au ndogo ya kuvuta kwa kamba. Mtoto akiiona analia aipate. Mzazi anauliza bei. Lakini kuna maswali yanayopaswa kutangulia bei.

La kwanza ni umri. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu mdomoni. Kipimo rahisi kiko nyumbani: bomba la katoni linalobaki karatasi ya choo ikiisha. Gurudumu au kipande chochote kinachopita ndani ya bomba hilo kinaweza kumkaba mtoto. Vuta magurudumu kwa nguvu ukiwa bado dukani; yakitoka mkononi mwako, yatatoka pia mkononi mwa mtoto. Kwenye katoni, tafuta alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na namba 0-3, lililokatwa kwa mstari. Maana yake: si ya mtoto wa umri huo.

La pili ni betri. Zinazotisha zaidi ni zile ndogo za mviringo, bapa kama kifungo cha shati. Ikikwama kwenye njia ya chakula, betri hiyo inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Kifuniko chake lazima kifungwe kwa skrubu. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, usimtapishe, wala usingoje itoke yenyewe. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, na useme wazi kuwa ni betri.

La tatu ni sumaku. Treni nyingi za mbao huunganishwa kwa sumaku, kama zile za kampuni ya BRIO ya Uswidi, iliyoanza kuuza reli za mbao mwaka 1958. Sumaku iliyoshikwa imara ndani ya mbao haina neno. Iliyolegea itupwe mbali. Mtoto akimeza mbili, huvutana tumboni na zinaweza kutoboa utumbo.

La ine ni rangi. Mwaka 2007, nchini Marekani, treni na vipande vya mbao vya Thomas & Friends karibu milioni 1,5 viliondolewa sokoni kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi, yaani plombu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema hakuna kiwango cha plombu kinachojulikana kuwa salama. Kwa macho huwezi kuiona, lakini rangi inayobanduka au kubaki kwenye kitambaa chenye maji ni sababu ya kutosha ya kuirudisha treni mezani.

Baada ya hapo, chagua iliyo rahisi. Kabla ya miaka 2, kichwa kimoja kikubwa cha treni kinatosha, na kamba iwe fupi isiweze kuzunguka shingo. Miaka 2 hadi 3, mabehewa mawili au matatu ya kushikamanisha. Reli zinaweza kungoja hadi miaka 3 na zaidi. Treni inayokwenda yenyewe humfanya mtoto kuwa mtazamaji, na mawe yakiisha inabaki pembeni. Ile anayoisukuma kwa mkono humfanya yeye kuwa dereva.

Na asiye na pesa? Fundi wa mbao ana vipande anavyotupa. Vikipigwa msasa vizuri na kuachwa bila rangi, vinakuwa mabehewa. Makopo ya sardini pia hufaa kwa watoto wakubwa, mradi kingo zake zikunjwe. Vizibo vya chupa visiwe magurudumu kwa mtoto mdogo.

Kinabaki kitu kimoja kisichouzwa. Mtoto wa Bunia hajaona treni ikipita kwake. Reli nyembamba ya Vicicongo, yenye upana wa sentimita 60, iliishia Mungbere, jimbo jirani la Haut-Uele, na kwa miaka mingi hakuna treni inayofika huko. Ile ya Matadi hadi Kinshasa, iliyokamilika mwaka 1898, iko upande mwingine wa nchi.

Kwa hiyo, mzazi, keti chini na umsimulie. Behewa la kwanza libebe samaki wa Kasenyi, la pili mihogo, la tatu nyanya na babu wanaosafiri. Dakika kumi jioni zitampa mtoto maneno mapya ambayo taa na honi haziwezi kumpa.