Mbwa wa pamba wa Bukini: manyoya yasiyosubiri kesho

Kusini-magharibi mwa Madagascar, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini, upo mji wa bandari uitwao Toliara. Wafaransa waliuandika Tuléar, na kwa jina hilo mji huo umefahamika katika nchi nyingi kwa sababu ya mnyama ambaye kwa kawaida uzito wake hauzidi kilo 6. Ni mbwa mdogo mweupe aitwaye Coton de Tuléar, yaani pamba ya Tuléar. Jina hilo halikutiwa chumvi. Ukiyashika manyoya yake, mkono hauhisi singa za mnyama bali kitu kinachofanana na pamba iliyotoka kuchambuliwa.

Mbwa huyu ni wa ukoo mmoja na mbwa wadogo weupe wa Ulaya wajulikanao kama Bichon, ambao walisafirishwa katika majahazi ya mabaharia na walowezi. Husimuliwa kwamba mababu zake waliogelea hadi ufukweni baada ya merikebu kuzama, simulizi tamu ambayo kila bandari inayo ya kwake. Kilicho wazi ni kwamba mwaka 1970 shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji wa mbwa, FCI, lilimtambua kuwa aina kamili, na mwaka 2014 chama cha AKC cha Marekani kikafuata. Leo anafugwa katika nchi nyingi, na matatizo ya manyoya yake ndiyo yale yale ya Maltese, Shih Tzu na Yorkshire Terrier, mbwa wadogo wanaoonekana pia katika nyumba za mijini Afrika Mashariki.

Wengi humpenda kwa sababu hapukutishi manyoya ovyo sakafuni. Sifa hiyo ndiyo chanzo cha kazi yote. Manyoya ya mbwa wa kawaida hukua kwa muda mfupi, hukoma, kisha hudondoka. Ya mbwa huyu huendelea kukua kwa muda mrefu, na yale machache yanayong'oka hayaanguki chini, bali hunaswa na yaliyobaki mwilini. Kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na nywele zikisuguana magamba hayo hushikana. Ongeza jasho la hewa ya pwani, vumbi na ukanda wa shingoni unaosugua mahali pale pale kila siku, na baada ya siku chache fundo limekwisha kujifunga.

Fundo hilo si suala la sura tu. Linapokua huivuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua, mfano wa mtu aliyesukwa kwa kukazwa mno na asipate wa kumfumua. Hewa haifiki chini yake, unyevu hubaki humo, na ngozi hulainika hadi ikachubuka na kutoa maji. Ikiwa fundo lipo karibu na mkia na limelowa mkojo au kinyesi, nzi hutaga mayai humo, na mayai hayo huweza kuanguliwa ndani ya siku moja tu. Funza wanapoanza kula ngozi, mwenye mbwa aghalabu haoni kitu, kwa kuwa juu manyoya bado ni meupe. Huanza kusikia harufu. Mbwa aliyefikia hapo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kinga yake ni kuchana, na kuchana kwa namna maalumu. Kosa la kawaida ni kupitisha brashi juu juu. Manyoya ya nje hunyooka yakapendeza, huku yaliyo karibu na ngozi yamesokotana kama mkeka. Mlaze mbwa ubavu, nyunyizia manyoya maji kidogo sana, maana nywele kavu kabisa hukatika, kisha yagawe kwa mkono mmoja hadi uione ngozi. Changa tabaka dogo dogo kutoka ngozini kwenda nje, ukianzia tumboni na kupanda kuelekea mgongoni. Ukimaliza, chukua kitana cha chuma upitishe pale ulipochana. Kikipita bila kukwama, kazi imekamilika. Kikikwama, hapo hujafika. Dakika 15 kila siku, au angalau kila baada ya siku moja, zinatosha kwa mbwa mwenye manyoya marefu. Usisahau nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, chini ya ukanda wa shingoni na katikati ya vidole, kwani mafundo mengi huanzia huko.

Mtoto wa mbwa huyu anapokaribia kutimiza mwaka, manyoya ya utotoni hubadilika kuwa ya ukubwani. Katika wiki hizo mafundo hujitokeza asubuhi na jioni, na wafugaji wengi wageni hukata tamaa hapo. Yafaa kumzoesha kitana tangu akiwa na wiki chache nyumbani, hata kama hakuna cha kuchana, ili kipindi hicho kimkute amekwisha kuwa na subira.

Fundo dogo hufumuliwa kwa vidole, ukilishika shinani ili ngozi isivutwe, na kuliachanisha kidogo kidogo. Usilikate kwa mkasi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko ya binadamu, nayo huwa imevutwa ikaingia ndani ya fundo, hivyo mkono unaodhani unakata nywele hukata nyama. Mwili ukiwa umejaa mafundo, kunyoa kwa mashine ni huruma kuliko kumvuta kwa saa nzima. Hata hivyo masikio yahitaji uangalifu: yakiondolewa mzigo wa mafundo kwa ghafla, baadhi ya mbwa hutikisa kichwa mfululizo hadi mishipa midogo ikapasuka na sikio likavimba damu.

Kuoga huja baada ya kuchana, kamwe si kabla, kwa sababu maji hulikaza fundo likawa gumu zaidi. Kumwogesha kila baada ya wiki mbili hadi nne kunatosha. Tumia maji ya uvuguvugu na shampuu ya mbwa iliyochanganywa na maji. Sabuni ya mche na sabuni ya unga, ambazo katika nyumba nyingi ndizo zilizo karibu, huondoa mafuta ya asili na kuiacha ngozi ikiwa kavu na yenye kuwasha. Dawa za kusafishia vyoo na sakafu ni mbaya zaidi, kwani mbwa hujilamba na kumeza kilichobaki. Yakamue manyoya kwa kuyafuata yalivyolala badala ya kuyasugua kwa kuzungusha kama unavyofua nguo. Kisha suuza, na ukidhani umemaliza suuza tena, hasa tumboni na makwapani.

Jua pekee halimkaushi mbwa wa aina hii. Nje atakauka, lakini karibu na ngozi atabaki na unyevu, na vidonda vya majimaji huanzia hapo. Mkandamize kwa taulo bila kumsugua, kisha tumia kikausha nywele kwa joto la chini huku ukichana, na mkono wako uwe kati ya hewa hiyo na mwili wake ili ulihisi joto analolihisi yeye.

Mbwa weupe huwa na michirizi ya kahawia chini ya macho. Hiyo hutokana na rangi iliyomo katika machozi na mate, ambayo huzidi kukolea inapokutana na mwanga. Kitambaa chenye maji safi, kila siku, kinatosha. Wapo wanaopaka dawa ya kung'arishia nguo karibu na jicho, jambo ambalo ni la hatari mno. Machozi yakiongezeka ghafla, sababu inaweza kuwa unywele unaokwaruza jicho au kidonda, na daktari ndiye wa kuamua. Masikio husafishwa sehemu inayoonekana tu. Kucha hupunguzwa ncha kidogo kidogo, kwa kuwa ndani yake mna mshipa wa damu.

Kupe hawana budi kutajwa peke yao. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vijidudu viitwavyo Ehrlichia, ambavyo hushambulia seli za damu. Mbwa hupata homa, ufizi hupauka, na wengine hutokwa damu puani. Katika manyoya marefu kupe hujificha hadi aonekane kwa kupapaswa. Tumia kibanio, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumpaka mafuta ya taa wala kumchoma. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimfikie mbwa wa kilo 5, kwani kipimo kidogo tu kinachomzidi huweza kumlevya au kumuua. Dawa iliyopimwa kwa uzito wake hupatikana kwa daktari wa mifugo.

Asiye na nafasi ya kuchana kila siku hana sababu ya kuona aibu. Manyoya yapunguzwe hadi urefu wa sentimita 2 au 3, naye mbwa ataishi raha mustarehe. Kumnyoa hadi ngozi kwa kisingizio cha joto hakufai, maana ngozi ya waridi iliyo chini ya manyoya meupe huungua haraka kwenye jua la mchana.

Liko pia jambo la taulo. Barani Afrika yupo nzi ambaye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mtu na ya mbwa, vikavimbisha uvimbe mfano wa jipu. Matandiko na taulo za mbwa vikianikwa nje, vipigwe pasi ya moto pande zote mbili kabla ya kutumiwa tena.